Nani Alimfungulia Mlango? Riwaya za Wanyonya Damu Ninazozipendekeza

Muulize msomaji yeyote wa hadithi za kutisha akupe riwaya moja ya wanyonya damu, naye atakutajia Dracula kabla hujamaliza swali. Mimi nitakutajia Carmilla kwanza. Sababu yangu nitaieleza, kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo ninayoipimia vitabu vyote vya aina hii.

Kipimo changu ni mlango. Katika masimulizi mengi, mnyonya damu hawezi kuingia nyumbani mwa mtu asipokaribishwa. Ana nguvu kuliko kundi la wanaume, ameishi karne na karne, lakini kizingiti kinamshinda. Lazima apige hodi, na lazima aliyemo ndani amwitikie. Mwandishi akilichukua sharti hilo kwa uzito, hadithi inaacha kuwa ya mnyama na windo lake. Inakuwa hadithi ya mtu aliyefungua. Kwa nini alifungua? Upweke? Msiba? Tamaa ambayo hakuwa ameikiri hata kwa nafsi yake? Mwandishi anayenijibu hapo nitamfuata popote anaponipeleka. Asiyejibu, hata akimwaga damu kila ukurasa, kitabu chake nakifunga mapema.

Joseph Sheridan Le Fanu, mwandishi wa Dublin, aliichapisha Carmilla kwa mafungu kati ya 1871 na 1872, robo karne kabla ya Dracula. Laura ana miaka 19. Anaishi na baba yake katika kasri lililojitenga kwenye misitu ya Styria, nchini Austria. Mama yake alishafariki, ndugu hana, na msichana aliyekuwa akimtazamia kama mgeni na rafiki amekufa ghafla kabla ya kufika. Jioni moja gari la farasi linapata ajali mbele ya kasri. Wanatolewa msichana aliyezimia na mama mwenye haraka isiyoelezeka, anayesema hana budi kuendelea na safari. Hapo Laura mwenyewe anamsihi baba yake msichana yule abaki kwao. Hakuna hila iliyohitajika zaidi ya hiyo. Le Fanu ametumia kurasa zote za mwanzo kutuonyesha nyumba yenye nafasi tupu, kisha akamleta mtu wa kuijaza.

Kinachofuata ni mapenzi na ugonjwa kwa pamoja. Carmilla hufunga chumba chake kwa ndani, huamka mchana umekwenda, hukasirishwa na nyimbo za maziko, na humkumbatia Laura kwa maneno ya huba yanayomtisha. Laura anavutwa na anachukizwa kwa wakati mmoja, naye anatuambia hisia zote mbili bila kuzipunguza. Sijui riwaya fupi nyingine ya karne ile inayoieleza hali hiyo kwa uaminifu kiasi hicho. Sehemu ya mwisho inalegea kidogo, maana wazee wanaingia na maelezo marefu ya ukoo na makaburi. Lakini msimulizi anayekumbuka haya miaka mingi baadaye hajapona, na Le Fanu hakujisumbua kutufariji juu ya hilo.

Dracula, iliyotoka London mwaka 1897, ni kubwa zaidi, na inastahili sifa yake. Bram Stoker alikuwa meneja wa ukumbi wa maigizo wa Lyceum, akimhudumia mwigizaji Henry Irving, na alianza kuiandalia riwaya hii maelezo mwaka 1890. Transylvania hakuwahi kuikanyaga. Jina la Dracula alilikuta katika kitabu cha maktaba alipokuwa mapumzikoni Whitby, mji wa pwani ya Uingereza ambao baadaye aliuingiza kwenye hadithi.

Wanaomjua Dracula kwa sinema pekee hushangaa wakifungua kitabu. Hakuna msimulizi mmoja. Kuna shajara, barua, telegramu, habari iliyokatwa gazetini, kumbukumbu za nahodha, na maneno ya daktari yaliyorekodiwa kwenye fonografu. Baada ya sura nne za kwanza kule kasrini, Dracula mwenyewe anaonekana kwa nadra mno. Unamjua kwa alama anazoacha kwenye maandishi ya wengine: mgonjwa anayezidi kupauka, mbwa mwitu aliyetoroka, meli ya Demeter inayopoteza mabaharia mmoja baada ya mwingine mpaka inaingia bandarini ikiongozwa na maiti iliyofungwa kwenye usukani. Kumbukumbu za meli hiyo ni kurasa chache tu. Hata kama hutaki kitabu kizima, zisome hizo.

Shujaa wangu humo ni Mina Harker. Yeye ndiye anayepiga taipu karatasi zote na kuzipanga kwa tarehe, na ndiye anayejua ratiba za treni. Bila yeye kila mwanamume angebaki na kipande chake cha habari asichoweza kukielewa. Halafu wanaume hao hao wanaamua kumficha mashauri yao, eti kumlinda, na ndicho kipindi Dracula anapompata. Aliyemkaribisha Dracula ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili walimokuwa wakikaa ni Renfield, mgonjwa aliyeahidiwa uhai usiokoma. Lakini mimi husoma sura zile nikiona milango miwili: mmoja uliofunguliwa na Renfield, na mwingine uliofungwa usoni pa Mina na watu wanaompenda.

Kuna jambo jingine ambalo Stoker hakuweza kulijua. Lucy Westenra, rafiki ya Mina, anaongezewa damu ya wanaume wanne kwa nyakati tofauti ili aokolewe. Karl Landsteiner alitangaza ugunduzi wake wa makundi ya damu mwaka 1901, miaka minne baada ya riwaya kutoka. Msomaji wa leo anaitazama ile mishipa ikiunganishwa huku akijua hatari ambayo hakuna mhusika anayeijua, na hofu inaongezeka maradufu bila mwandishi kukusudia. Jiandae pia kumwona Dracula akitembea mchana mitaani London. Jua linampunguzia uwezo tu. Ile kanuni ya mnyonya damu kuangamizwa na mwanga wa asubuhi ilikuja na filamu ya Kijerumani ya Nosferatu, mwaka 1922.

Mabwana hawa wenye makasri ni wageni katika historia ndefu ya jambo lenyewe. Taarifa zilizoitia hofu Ulaya katika karne ya 18 zilikuwa za wanakijiji. Peter Plogojowitz, aliyefukuliwa kaburini mwaka 1725 katika kijiji cha Serbia, alikuwa mkulima. Madaktari wa jeshi la Austria walioandika ripoti maarufu ya 1732 walieleza maiti zilizovimba, zenye damu mdomoni na kucha zinazoonekana mpya, mambo ambayo leo tunajua ni hatua za kawaida za kuoza. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa alimtumia daktari wake, Gerard van Swieten, achunguze, kisha akapiga marufuku ufukuaji wa makaburi kwa sababu hiyo. Aliyemvisha maiti yule wa kijijini koti la kitajiri ni John Polidori, daktari wa mshairi Byron. Hadithi yake fupi, The Vampyre, ilitoka Aprili 1819 ikiwa na jina la Byron badala ya lake. Bwana Ruthven wa Polidori haingii kwa dirisha. Anaingia kwa mwaliko wa karamu, kwa sababu ni tajiri na watu wa tabaka lake hawana desturi ya kumfungia mlango mtu kama yeye. Ni hadithi ya kusoma kwa mkao mmoja, na wazo hilo halijachakaa hata kidogo.

Sasa vuka hadi 1954. I Am Legend ya Richard Matheson ni kitabu chembamba, na kwangu ni miongoni mwa riwaya bora za upweke zilizopata kuandikwa. Robert Neville ndiye mtu pekee anayejua kuwa hajaambukizwa katika Los Angeles iliyoangamizwa na maradhi. Mchana anarekebisha nyumba, anatundika vitunguu saumu, na anawaua wanyonya damu wakiwa wamelala. Usiku wanakuja. Jirani yake wa zamani, Ben Cortman, husimama nje akimwita kwa jina atoke.

Umeona alichokifanya Matheson? Ameugeuza mlango. Hapa mwanadamu ndiye aliyemo ndani ya sanduku lake, na swali ni lini atachoka na kutoka. Neville anaongeza sauti ya santuri ili asisikie, anakunywa pombe, na anaanza tena kesho yake. Baadaye anachukua vitabu vya maktaba na hadubini akitafuta bakteria inayosababisha yote haya, na sehemu hizo za utafiti, ambazo kwa mwandishi mwingine zingechosha, zina msisimko kwa sababu tunajua kuwa kazi hiyo ndiyo inayomzuia kufungua. Kuna sura ya mbwa. Sisemi zaidi. Usikubali pia filamu ya 2007 ikushawishi kwamba unaujua mwisho. Mwisho wa kitabu ni mwingine kabisa, na ndio unaolibeba jina lake.

Stephen King, katika 'Salem's Lot ya 1975, alichukua mji mzima badala ya nyumba moja. Nguvu ya kitabu hiki iko kwenye umbea. King anakupitisha mlango kwa mlango, anakuonyesha siri za wazinzi, walevi, mama anayempiga mtoto wake, na kufikia wakati Barlow, mnyonya damu aliyehamia pale, anapoanza kula watu wale, mji umeshaoza kwa mikono yake wenyewe. Dirishani kwa Mark Petrie anafika rafiki yake aliyekufa, akigonga kioo akiomba aruhusiwe kuingia. Mark ni mtoto, na ndiye anayejua la kufanya. Nusu ya pili ya kitabu ni mbio tupu, nzuri lakini za kawaida zaidi.

Kwa Anne Rice nina mapenzi na malalamiko. Interview with the Vampire ilitoka 1976, miaka minne baada ya binti yake Michele kufariki kwa saratani ya damu akiwa na umri wa miaka mitano. Ukishajua hilo, huwezi kumsoma Claudia kwa macho makavu. Claudia ni mtoto anayegeuzwa mnyonya damu. Akili yake inakua ikawa ya mwanamke mzima, na mwili unabaki ule ule wa kuvalishwa nguo za mwanasesere. Hasira yake kwa Louis na Lestat, waliomfanya hivyo bila kumuuliza, ndiyo moyo wa riwaya, na kila anapoondoka kwenye ukurasa kitabu kinapungua. Malalamiko yangu ni haya: Louis anamiliki shamba la nili Louisiana mwaka 1791, na watumwa wake wanabaki vivuli. Mtu anatoa maungamo ya usiku kucha kuhusu dhambi ya kunyonya damu, na ile damu nyingine inayomlisha kila siku haimsumbui kwa kiasi hicho.

Ndiyo maana baada ya Rice ninapendekeza mara moja The Gilda Stories ya Jewelle Gomez, ya 1991. Inaanza Louisiana ile ile, mwaka 1850, na msichana aliyetoroka utumwani. Anaokolewa na mwanamke aitwaye Gilda, ambaye baadaye anamrithisha uhai wake mrefu na jina lake, na tunamfuata kwa vituo hadi 2050. Wanyonya damu wa Gomez wana maadili yao: ukichukua damu, mwache mtu na kitu, kama vile ujasiri aliokuwa akiuhitaji au ndoto aliyokuwa ameikatia tamaa. Wala usiue. Kwa mtu aliyewahi kuwa mali ya mwingine, swali la namna ya kuchukua bila kuiba si la kinadharia. Vituo havilingani kwa uzuri, na vile vya miaka ya mbele ni vyepesi kuliko vya mwanzo. Kile cha kwanza, hata hivyo, nimekirudia mara nyingi.

Kisha kuna Octavia Butler. Fledgling ya 2005 ilikuwa riwaya yake ya mwisho kuchapishwa kabla ya kifo chake mwaka 2006. Inaanza pangoni. Mtu anazinduka, ameungua, haoni, ana njaa kali, na hakumbuki chochote, hata jina. Huyo ni Shori. Ana umri wa miaka 53, ambao kwa jamii yake, Waina, bado ni utoto. Ngozi yake ni nyeusi kwa makusudi: mama zake walichanganya chembe za urithi za binadamu ili aweze kukaa macho mchana na kustahimili jua. Kuna Waina wanaomtaka afe kwa sababu hiyo hiyo.

Butler analiuliza swali la mlango kwa ukali kuliko wote waliomtangulia. Mate ya Waina yanamlevya binadamu. Anayeng'atwa anapata raha, afya na maisha marefu, lakini hawezi tena kuondoka bila madhara makubwa, na Mwina wake akifa, naye anaweza kufa. Wanaishi pamoja kama familia, wanapendana kweli, wanacheka mezani. Je, waliridhia? Wengine waliambiwa ukweli kabla, wengine baadaye, wakati kukataa kulishakuwa kugumu. Butler hamfanyi Shori kuwa mwovu, na hakuruhusu wewe umwone kuwa asiye na lawama. Sehemu kubwa ya mwisho ni shauri mbele ya baraza la wazee, watu wameketi wakihojiana kwa siku kadhaa, nami niliisoma kwa pupa kuliko mapigano yoyote. Kitabu hiki kina mambo yatakayokukera, hasa kuhusu miili na umri, na nadhani Butler alitaka tukereke.

Mzito zaidi ni Let the Right One In ya John Ajvide Lindqvist, iliyotoka Uswidi mwaka 2004. Ina ukatili dhidi ya watoto unaoumiza kusoma, na simpi mtu bila kumwambia hivyo. Hadithi iko Blackeberg, kitongoji cha Stockholm alikokulia mwandishi, mwaka 1981. Oskar ana miaka 12, anaonewa shuleni kila siku, na anatembea na kisu akiota kulipiza kisasi. Nyumba ya jirani anahamia Eli, anayetoka usiku tu na asiyesikia baridi.

Humo ndimo ilimo tamati ya kila nilichosema kuhusu kizingiti. Oskar, kwa ubishi wa kitoto, anakataa kutamka neno la kumkaribisha. Anataka kuona kitatokea nini. Eli anaingia vivyo hivyo, na damu inaanza kumtoka mwilini mbele ya macho yake. Vitabu vingine vilituonyesha hatari ya kumkaribisha mnyonya damu. Lindqvist alitazama upande wa pili na kutuonyesha anayeumia asipokaribishwa. Oskar anapiga kelele kumruhusu, na kutoka hapo urafiki wao hauwezi kurudi ulivyokuwa, kwa kuwa sasa kila mmoja amekwishaweka maisha yake mikononi mwa mwenzake.

Kwa wanaopenda akili baridi, The Vampire Tapestry ya Suzy McKee Charnas, ya 1980. Dakta Edward Weyland ni mwanaanthropolojia wa chuo kikuu na mnyonya damu asiye na uchawi wowote: mla nyama aliyeumbwa hivyo na maumbile, mwenye sindano chini ya ulimi. Kati ya sehemu tano, ya katikati inamweka kwenye kiti cha mtaalamu wa saikolojia, Floria Landauer, kwa sababu anahitaji cheti cha kumrudisha kazini. Anapanga kumdanganya. Floria anamsikiliza vizuri mno, na kusikilizwa kunamfanyia jambo ambalo misalaba isingeweza.

Fevre Dream ya George R. R. Martin, ya 1982, nayo ni burudani ya daraja la kwanza: meli za mvuke mtoni Mississippi na nahodha Abner Marsh, mtu mkali mwenye moyo mkubwa.

Katika vipya, The Buffalo Hunter Hunter ya Stephen Graham Jones, ya 2025, ndiyo iliyonirudishia hamu ya aina hii ya riwaya. Mchungaji wa Kilutheri katika jimbo la Montana, Marekani, mwaka 1912 anatembelewa na Good Stab, mtu wa taifa la Blackfeet, anayekuja kuungama. Nyuma ya maungamo kuna mauaji ya kweli ya Januari 1870 kwenye mto Marias, ambapo jeshi la Marekani liliua karibu watu 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Jones amebuni sharti jipya la kutisha: mnyonya damu hugeuka polepole kufanana na anachokila. Good Stab akitaka kubaki mtu wa taifa lake, damu atakayoinywa inajulikana ni ya nani. Kuanza kwake ni kugumu, kwa sababu Good Stab anavitaja vitu na wanyama kwa majina ya watu wake bila kukufasiria. Vumilia kurasa hizo za mwanzo, masikio yatazoea.

Varney the Vampire ya miaka ya 1840, yenye sura zaidi ya 200, waachie watafiti. Twilight ya Stephenie Meyer, ya 2005, sitakuzuia; imewafundisha vijana wengi kupenda kusoma, na hilo naliheshimu. Shida yangu nayo ni kwamba Edward, mnyonya damu wake, hahitaji kukaribishwa. Anaingia chumbani kwa Bella usiku na kumtazama amelala, na kitabu kinataka tuone hilo kuwa upendo.

Polidori, Le Fanu na Stoker hawana tena hakimiliki, kwa hiyo utawapata bure na kihalali kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Carmilla inamalizika kwa jioni moja. Ukiipenda kwa sababu ya Laura na Carmilla wenyewe, nenda kwa Gomez kisha Butler. Ukiipenda kwa sababu ya msitu, kasri na makaburi, chukua Stoker. Lindqvist mweke mbali mpaka uwe na wiki tulivu, na usimsome ukiwa na mtoto anayeonewa shuleni.